Umenunua Pampu, Choo cha Shambani Kiko Wapi?

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu kuhifadhi vitunguu mpaka bei ipande. Mada hiyo itasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu uliopita, na nikiendelea kulinyamazia nitakuwa siwatendei haki.

Nilikuwa kwenye skimu moja ya umwagiliaji na kikundi cha vijana wanaolima mpunga, halafu vitunguu baada ya mpunga. Vijana wa kazi kweli kweli. Wana pampu mbili, wana daftari la mapato na matumizi, na mnunuzi wao wa uhakika. Tulipomaliza somo la mbolea ya kukuzia, kijana mmoja akanivuta pembeni.

"Shikamoo bwana shamba. Nina shida, lakini sio ya shamba."

Akaniambia anakojoa damu, na hali hiyo imeendelea kwa misimu miwili. Alidhani ni ugonjwa wa zinaa, akaona aibu kwenda zahanati, akawa ananunua vidonge na sindano kwenye maduka ya dawa. Hela aliyotumia ukiipigia hesabu ilitosha kununua mifuko kadhaa ya urea. Nikamuuliza kama wenzake wanajua. Akacheka.

"Mbona wengi tunakojoa hivyo, bwana shamba. Wazee wanasema ndio mwanaume anakomaa."

Hakuna kukomaa hapo, ndugu zangu. Hicho ni kichocho, na baadaye zahanati walipima wakathibitisha. Siku ile nilipogeuka kuutazama mfereji, ambao mimi mwenyewe nilisimamia wakati unachimbwa, nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kuuliza kwa miaka yangu yote ya ugani: hawa watu wanajisaidia wapi? Skimu nzima haikuwa na choo hata kimoja. Na mimi nikiwa pale kutwa nzima nilikuwa naenda kichakani kama wao.

Kwa hiyo maoni yangu ya leo ni haya, na najua wapo maafisa ugani wenzangu watakaosema nimeingilia kazi ya watu wa afya. Kwa yeyote anayemwagilia, kichocho ni suala la kilimo. Choo cha shambani kiingie kwenye bajeti ya msimu sawa na mbegu na mbolea. Aliyenifanya niamini hivyo ni mtafiti mmoja wa Ethiopia ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe

Kichocho hakiletwi na mbu, wala kwa kawaida hukipati kwa kunywa maji machafu. Mtu mwenye minyoo akikojoa au kujisaidia majini, au mvua ikizoa kinyesi kutoka ukingoni mpaka mferejini, mayai yanaingia kwenye maji na kuanguliwa. Vinavyotoka humo vinatafuta konokono wa maji. Ndani ya konokono vinazaliana, kisha wanatoka lava wadogo sana wenye mkia, kwa maelfu. Hao ndio wanaotoboa ngozi yako ukiwa umesimama majini unapandikiza miche. Inachukua dakika chache tu, na mara nyingi husikii chochote zaidi ya muwasho kidogo.

Wakishaingia wanakua na kuwa minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu kwa miaka. Yai linalokwama kwenye kibofu ndilo linaloleta damu kwenye mkojo, na likikwama kwenye utumbo na ini linaleta kuhara damu na tumbo kuvimba. Ukikaa nacho muda mrefu, kile cha mkojo kinaweza kufikisha mtu kwenye saratani ya kibofu. Akina mama wanapata vidonda kwenye njia ya uzazi, na wengi hutibiwa magonjwa mengine kabisa. Kumbuka nani anapandikiza mpunga kwenye majaruba yetu: wengi ni akina mama na dada zetu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kujikinga na kichocho, na karibu asilimia 90 yao wako Afrika. Bado ugonjwa huu unaitwa uliosahaulika. Umesahaulika kwa sababu wanaougua ni wakulima, wavuvi na watoto wanaooga mtoni, watu ambao hawana wa kuwapigia kelele.

Mtafiti aliyetazama mto wa Adwa

Mwaka 1964, kijana wa karibu miaka 30 aitwaye Aklilu Lemma alikuwa Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, anachunguza konokono wanaoeneza kichocho. Alikuwa amesomea vimelea Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Angeweza kuchukua sampuli zake akarudi Addis Ababa kuandika ripoti.

Lakini aliona kitu. Mahali fulani mtoni palikuwa na konokono wengi waliokufa. Juu ya hapo, upande maji yanakotoka, konokono walikuwa hai. Katikati palikuwa na akina mama wanafua nguo. Hawakutumia sabuni ya dukani. Walitumia endodi, tunda la mmea unaopanda kama mzabibu, ambalo Waethiopia wamelikausha na kulisaga kama sabuni kwa vizazi vingi.

Lemma akakusanya konokono hai kwenye chombo, akamwomba mama mmoja atie povu la endodi. Konokono wakafa pale pale.

Hebu fikiria ni watu wangapi walishapita mtoni hapo kabla yake. Maafisa, madaktari, wafanyabiashara. Na wale akina mama walikuwa na dawa ya konokono mikononi miaka yote, isipokuwa hakuna aliyewaambia kwamba konokono ndiye anayewapa watoto wao ugonjwa. Ujuzi ulikuwa vipande viwili vilivyokaa mbalimbali. Alichofanya Lemma ni kuviunganisha.

Hakuishia hapo. Mwaka 1966 alianzisha taasisi ya utafiti wa magonjwa katika chuo kikuu cha Addis Ababa, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Alichunguza pia kalaazari, ugonjwa mwingine wa vimelea wa watu wasio na sauti. Kuanzia 1969 hadi 1974 walifanya jaribio Adwa penyewe, wakitumia endodi kuua konokono kwenye mito ya mji. Kabla ya kuanza, watu 63 katika kila 100 walikuwa na kichocho. Baada ya miaka mitano walibaki 33. Kwa watoto wadogo, ambao ndio kipimo cha maambukizi mapya, ilishuka kutoka 50 mpaka 7.

Upande wa shamba alikuwa na mwenzake, Legesse Wolde-Yohannes. Huyu ndiye aliyefanya kazi ambayo sisi wa kilimo tunaielewa vizuri zaidi: kukusanya aina mbalimbali za endodi kutoka sehemu nyingi za nchi, kuzipanda, kulinganisha mavuno, nguvu ya dawa na uvumilivu wa wadudu. Iliyoshinda ni aina ya namba 44. Yaani dawa ya kichocho ikawa zao, lenye mbegu bora na utunzaji wake.

Ukuta aliokutana nao

Ungetegemea dunia ipige makofi. Haikuwa hivyo. Wafadhili na wataalamu wa kimataifa walisema takwimu za Ethiopia hazitoshi, vipimo vya sumu virudiwe kwenye maabara zinazokubalika kwao. Vipimo hivyo vinagharimu hela nyingi, na kampuni za dawa hazina sababu ya kulipia tunda ambalo mkulima anaweza kulipanda nyuma ya nyumba. Miaka ikapita. Watafiti wa Afrika na nje walikutana Lusaka mwaka 1983 kuzungumzia endodi, na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada likasaidia vipimo hivyo kufanyika. Mwaka 1989 Lemma na Legesse walipewa tuzo ya Right Livelihood, ile inayoitwa Nobeli mbadala. Ilikuwa miaka 25 tangu siku ile ya mtoni.

Kisha ikatokea hii. Kwenye maziwa makuu ya Amerika Kaskazini walivamiwa na kome wadogo wanaoziba mabomba ya maji. Lemma akiwa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, wakajaribu endodi, ikafanya kazi. Mapema miaka ya 1990 hataza ikachukuliwa kule, na jina la Lemma likiwa miongoni mwa wagunduzi. Wakulima wa Ethiopia waliotunza mmea huo vizazi kwa vizazi hawakuwa kwenye karatasi. Lemma alifariki mwaka 1997, na mpaka anaondoka endodi haikuwa imesambazwa kwa kiwango alichokitamani.

Nisiwe mshabiki tu

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kuuliza mbegu za endodi zinapatikana wapi. Tulia kwanza.

Endodi inaua konokono, lakini inaua samaki pia. Mfereji wako unaishia kwenye bwawa la mtu au mto wa kijiji kizima. Kumwaga kitu chochote majini kwa kujaribujaribu, iwe majani ya porini au dawa ya dukani, ni kosa, na unaweza kuharibu mtaji wa jirani yako mwenye samaki. Kuua konokono ni kazi ya kufanywa kwa mpango na wataalamu.

Halafu waliokuwa wanamuuliza Lemma maswali hawakukosea kila kitu. Dawa yoyote ya kutiwa kwenye maji ya watu lazima ipimwe. Mimi mwenyewe nawakataza kununua kiuatilifu kisichosajiliwa, sasa nitawezaje kulaumu mtu anayedai vipimo? Ninacholaumu ni kwamba aliyedai vipimo hakutaka kuvilipia, na aliyekuwa anaumwa ndiye aliyesubiri.

Pia konokono hurudi. Unaua leo, wachache wanajificha kwenye tope, mvua ikija wamezaliana upya. Na tangu dawa ya prazikwanteli ipatikane, nchi nyingi zimeegemea kugawa vidonge. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi, na watoto wetu wanaipata shuleni. Lakini haiui minyoo michanga, na haikuzuii kuambukizwa tena kesho yake ukirudi kwenye mfereji ule ule. Yule kijana wangu alimeza dawa, damu ikakata. Swali ni nini kitamtokea msimu ujao.

Ndio maana nasema vidonge peke yake havitoshi na kuua konokono peke yake hakutoshi. Kinachobaki ni namna tunavyolima, na hapo ndipo wewe na mimi tunapoingia.

Mbolea, majani na konokono

Mwaka 2023 kulichapishwa utafiti kutoka kaskazini mwa Senegali, kwenye bonde la mto Senegali, ambao nimeusoma mara mbili. Watafiti waliona kwamba mbolea inayotoroka mashambani inakuza majani ya ndani ya maji, na majani hayo ndiyo nyumba na chakula cha konokono. Wakayatoa kwenye sehemu watu wanazoingilia majini. Konokono wakapungua, na watoto walioshatibiwa wakaambukizwa tena kwa kiwango kidogo zaidi. Majani yaliyotolewa yakageuzwa mboji na kuongeza mavuno ya pilipili na vitunguu, mengine wakalisha mifugo.

Mbolea uliyonunua kwa bei ya kuumiza, ukiitupa kabla ya mvua kubwa au kwenye jaruba linalovuja, inaenda kufuga konokono. Unapata hasara mara mbili. Na konokono wa maji hawaishii kwako tu. Wapo jamii nyingine wanaoeneza minyoo ya ini kwa ng'ombe. Ukichinja ukaambiwa ini litupwe, mara nyingi habari ilianzia kwenye majani ya pembeni mwa maji.

Fanya hivi kuanzia msimu huu

1. Jenga choo. Cha shimo tu, chenye mlango na maji ya kunawa, mbali na mfereji na mahali ambapo mafuriko hayafiki. Kama mko kikundi, changeni. Kiwe karibu na watu wanapofanya kazi, maana hakuna kibarua atakayetembea nusu saa akaache posho yake. Wanawake wawe na chao.

2. Safisha mfereji kwa ratiba, na utoe majani badala ya kuyafyeka ukayaacha humo. Tumia reki yenye mpini mrefu ukiwa ukingoni. Yaliyotoka yapeleke kwenye mboji, sehemu kavu.

3. Kausha mfereji inapowezekana. Kilimo shadidi cha mpunga, kile cha kumwagilia na kukausha kwa zamu, mnakijua. Konokono wengine huvumilia ukame wakiwa kwenye tope, kwa hiyo sio dawa kamili, lakini maji yaliyosimama mwezi mzima ndiyo yanayowanufaisha zaidi.

4. Punguza ngozi kugusa maji. Gambuti kwa anayefungua na kufunga maji. Mwenye pampu aweke jukwaa ili asiingie majini kila akiwasha. Lava hao hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana, kwa hiyo kazi za majini zianze alfajiri kama mpangilio unaruhusu. Na kuoga mferejini baada ya kazi, acheni.

5. Maji ya kunawa na kuoga yakae kwenye tangi lililofunikwa, bila konokono ndani, kwa siku mbili. Lava wasiompata mtu ndani ya muda huo wanakufa.

6. Pimeni. Nendeni zahanati kikundi kizima, aibu inapungua mkiwa wengi. Mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaoonyesha mayai vizuri. Kama una dalili za tumbo, sema ili wapime na choo. Dawa inatolewa kulingana na uzito au urefu wako, usijinunulie na kukisia. Na aliyetibiwa arudi kupimwa.

Wapo watakaosema choo na gambuti vinaongeza gharama ya uzalishaji. Ni kweli, vinaongeza. Chukua daftari lako sasa hivi uandike siku ambazo watu wako hawakuja kazini kwa kuumwa tumbo, homa na uchovu msimu uliopita. Kama huna rekodi hiyo, anza msimu huu. Mkulima wa kibiashara anajua gharama ya kila mfuko aliouingiza shambani. Haieleweki asijue gharama ya damu inayotoka.

Kuna jambo jingine nimejifunza kwa Lemma, na hili linanihusu mimi kwanza. Tangu yule kijana anivute pembeni, nikiingia kijijini naanza kwa kuuliza watu wanafanya nini na kwa sababu gani, kabla sijafungua begi la vipeperushi. Bibi mmoja anayeweka majani fulani kwenye ghala la maharage, baba anayebadilisha njia ya ng'ombe wake wakati wa masika, hao wana kitu. Inawezekana hakifanyi kazi. Inawezekana kinafanya. Ukikiona, kiandike: tarehe, mahali, kiasi, kilichotokea. Kisha tukipeleke kwa watafiti, na jina la aliyekianzisha likiwa juu ya karatasi ili yasitokee yale ya Toledo.

Yule kijana na wenzake walichimba shimo la choo mwezi uliopita. Paa bado, wanasubiri hela za vitunguu. Nimewaambia mafunzo yangu yajayo yatafanyika siku paa likishapanda, na mimi nitakuja na mabati mawili. Na wewe ukiwa kwenye skimu, niambie leo hapo chini: choo chenu kiko wapi? Ukishindwa kunijibu, basi umeshajua pa kuanzia.

Tukutane shambani.